Mathenge Kwenye Shamba la Mwikali

Alhamisi, Desemba 2006. Manyunyu asubuhi, saa hii jua la kupasua kichwa.

Leo sina hamu ya salamu. Nimejifungia ofisi ya nyuma hapa dukani. Bosi ameenda Nairobi kuleta dawa za mifugo, na mteja akija ataniita kwa sauti, wamezoea. Vidole viko na udongo bado. Nimenawa, nikanawa tena, lakini udongo wa machimbo ukishaingia chini ya kucha hautoki kwa sabuni.

Nyinyi mnaopita hapa kwenye blogu yangu mara kwa mara (mko wangapi jameni, wanne?) mnajua habari za shimo la Mwikali, kwa sababu nimejisifu nalo tangu mwezi wa nane. Kwa mgeni, mambo ni hivi. Mwikali ni rafiki yangu, mjane, anakaa upande wa Lukenya. Mumewe akiwa hai alikodisha shamba lao kwa wachimbaji wa mawe ya kujengea. Wakakata, wakakata, mpaka jiwe zuri likaisha upande wa juu, wakaenda zao wakamwachia shimo, vifusi na kokoto. Udongo wa juu walikuwa wameutupa pembeni siku za kwanza kabisa, mvua ikaubeba wote. Halafu mume akaugua, akafa, akazikwa hapo hapo karibu na nyumba. Mwikali akabaki na ekari nyeupe ya mawe ambayo hata mbuzi walikuwa wanaikwepa.

Sisi Wakamba tuko na mwethya. Leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, hakuna kulipana, na ukikosa bila sababu jina lako litatembea sokoni kabla hujafika wewe. Katika mwethya wetu wa akina mama, katibu ni mimi. Walinichagua kwa sababu ninauza mbegu na dawa kwenye agroveti hii, na watu wanaamini kwamba ukisimama karibu na magunia ya mbolea kutwa nzima, akili ya shamba inakuingia yenyewe. Sikuwahi kuwasahihisha. Nilipenda kuulizwa.

Mimi ndiye niliyesema lile shimo linaweza kurudi kuwa shamba. Tukajaza vifusi chini, tukapanga mawe yakawa matuta, tukaleta mabua ya mahindi, majani makavu, jivu, maganda ya kahawa kutoka Kangundo, na mbolea ya boma kidogo kidogo, kila mama na karai lake kichwani. Vyote tulirundika, tukanyunyizia maji, tukafunika, tukageuza. Rundo linapata moto ndani, ukiingiza kijiti kinatoka kinafuka mvuke. Unangoja lipoe, linuke kama udongo wa mtoni, ndipo unatawanya. Kanuni yetu ilikuwa moja: mbolea mbichi isiingie shambani. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na niliwaimbia hadi wakanichoka.

Mimi ndiye niliyeivunja.

Sababu iko, na sababu inaitwa Musyoka. Ni shemeji yake Mwikali, ndugu wa marehemu. Hati ya shamba bado iko kwa jina la baba yao, na upande wa chini jiwe lipo, halijaguswa. Wachimbaji wamekuwa wakimtembelea Musyoka nyumbani kwake na sukari na majani chai. Mwezi wa tisa aliita kikao cha familia, akasema anatuachia mvua hii moja tu. Mwikali akivuna chakula cha kuonekana, yeye atanyamaza. Asipovuna, nyundo zinarudi. "Mawe hayazai maharagwe," akasema, akacheka kile kicheko chake cha puani. Nilikuwa nimekaa hapo kando ya Mwikali. Woi, damu ilinichemka! Nikaapa moyoni kwamba huyu mtu nitamnyamazisha, hata kama ni kwa kucha zangu.

Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kukaa juu ya kilima, na rundo letu halikutosha hata robo ya shamba. Nikaingiwa na wasiwasi. Nikaenda kwa Mzee Abdullahi, mfanyabiashara wa mbuzi hapa mjini, mtu wa asili ya Kisomali, mteja wetu wa dawa za minyoo. Mbuzi wake wanatoka Garissa na mbele ya Garissa, wanapumzika bomani kwake kabla ya kuuzwa, na mbolea yao imekuwa mlima. Akanipa bure, tena akanitafutia na lori. Ila alinitazama akasema, "Mama Mutheu, hii mbolea bado mbichi. Mbuzi wamekula njiani vitu vya kila aina. Ipeni wakati." Nikamjibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama mtoto anayetumwa dukani na akili yake iko kwenye mpira.

Lori likamwaga Jumamosi. Jumatatu tukatawanya, moja kwa moja, bila kurundika. Mama Kioko, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, aliegemea jembe akaniuliza, "Si wewe ulisema tungoje?" Nikamwambia mavi ya mbuzi hayachomi mimea kama ya kuku. Hiyo ni kweli. Lakini niliisema kwa ile sauti ya dukani, ile ya kumwambia mtu soma maandishi kwenye chupa, na nilijua kwamba kungoja kwetu hakukuwa kwa kuogopa kuchoma mimea peke yake. Mama Kioko akaendelea na kazi. Watoto wangu nawaambia kila siku haraka haraka haina baraka, wakivaa viatu upande upande. Mama yao je?

Mvua ikanyesha. Na jameni, kunde ziliota!

Wacha niandike hili hata kama leo halinipi raha. Kunde na ndengu ziliota mahali palipokuwa peupe kama chokaa. Mwikali alinipigia simu, akashindwa kuongea, nikasikia pumzi tu mpaka salio lake likaisha. Musyoka alipita njiani, akasimama, akatazama, akaendelea na safari yake bila kicheko. Nilivimba kichwa. Mlionisoma wiki ile mliona. Niliandika kama mtu aliyeumba udongo yeye mwenyewe.

Katikati ya kunde kukaota na vitu vingine. Miche myembamba, majani madogo madogo yaliyopangana kama ya mgunga. Akina mama walifurahi, wakasema Mungu ameona kazi yetu akaongeza na miti. Wakipalilia wanaizunguka kwa uangalifu, wasiikate. Wengine waliing'oa na udongo wake wakaenda nayo nyumbani, maana jua lilipokaza wiki moja, kila kitu kilinyong'onyea isipokuwa hiyo. Mama Kioko alipeleka miwili mpaka kwa bintiye Masii. Mwikali alichagua iliyonyooka, akaipanda mpakani, na mmoja akaupanda upande wa kichwa wa kaburi la mumewe. Alisema yule mtu alimaliza udongo wote wa hapa, lakini yeye mkewe hawezi kumnyima kivuli.

Jumapili iliyopita nilipitia kwake baada ya kanisa, nimebeba kamera ya bosi nipige picha za kuwaringia. Nikainama kushika kunde. Kitu kikanichoma kidole. Nikatafuta kilichonichoma nikaona miiba, miwili miwili, kila mahali jani linapotokea.

Mti huo ninaujua.

Dada yangu aliishi miaka mingi huko chini kwenye Mto Tana, mumewe akifanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji. Nilimtembelea mara kadhaa. Huko wanauita mathenge, na wakiutaja wanatema mate. Ulikuwa umefunga njia ya mtoni, wanawake wanazunguka mbali kuteka maji. Shemeji alichomwa na mwiba uliopita soli ya kiatu, mguu ukavimba, akalala kitandani akilia kama mtoto. Ukiukata unarudi, ukiuchoma unarudi, na chini yake nyasi hazioti tena. Na unavyosafiri ni hivi: maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, mbegu zinapita tumboni nzima nzima na kutoka upande wa pili zikiwa tayari kuota. Kama tungeirundika ile mbolea, ikapata moto wake na kugeuzwa vizuri, nyingi zingeivia humo humo. Mimi nilizitawanya kwa mikono yangu, mstari kwa mstari, na wimbo juu.

Mwikali alikuwa amesimama hapo pembeni akipepeta maharagwe ya sokoni. Aliona nimeinama muda mrefu. Akaniuliza, "Kwani huu ni mti gani, Mama Mutheu?"

Nikamwambia, "Sijui. Ni kama mgunga."

Nikapiga picha. Nikanywa chai. Nikaenda nyumbani.

Sasa niambie mwenyewe, mimi ni mtu wa aina gani? Jumatatu nilijipa sababu: nikisema, Musyoka atapata la kusema, atawaambia wazee kwamba akina mama wameleta sumu kwenye ardhi ya baba yake, na nyundo zitarudi. Jumanne nikajipa sababu nyingine: ndengu ziko karibu kukomaa, wacha Mwikali avune kwanza, niseme baadaye. Zote ni sababu za kuonekana nzuri. Lakini nikizikwangua, chini ninakuta jambo moja la aibu. Niliogopa jina langu. Niliogopa Mama Kioko aegemee jembe lake tena aniangalie.

Na kuna jingine baya zaidi, nitaliandika kabla moyo haujabadilika. Jana nikiwa kaunta nilijizoeza maneno. Ningesema ni ile mbolea ya Msomali. Maneno machache tu, na najua wote wangekubali upesi, hakuna ambaye angeuliza swali la pili. Wangesema tulijua tu, hao watu na mbuzi wao. Nilikuwa nayarudia kimoyomoyo wakati Mzee Abdullahi mwenyewe alipoingia kununua dawa ya minyoo. Akaniuliza kwa furaha, "Shamba ya yule mama inaendelea?" Nikamjibu, "Alhamdulillahi." Mimi, mwimbaji wa kwaya! Akacheka, akanibariki, akaenda. Nilitaka sakafu ya duka inimeze.

Shida ni kwamba siku hazingoji aibu yangu iishe. Saa hii ardhi bado iko na unyevu chini, mche unatoka kwa kuvuta. Mvua ikikatika na ardhi ikikauka, mzizi utakuwa umeshuka kati ya mawe mahali ambapo hata wale wachimbaji na nyundo zao hawaufikii. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hilo nililijua Jumapili kama ninavyolijua leo.

Kwa hivyo leo asubuhi, kabla ya kufungua duka, nikaenda.

Nilimkuta Mwikali kaburini. Ameinama na kikombe, anamwagilia ule mche maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki, polepole, ili yasikimbie. Manyunyu yenyewe yalikuwa ya kulowesha vumbi tu. Alikuwa ameuzungushia vijiti vya miiba mbuzi wasiule. Alinyanyuka, akafurahi kuniona, akanishika mkono akaniburuta hadi shambani. Akachuma kunde, majani laini ya juu, akajaza mfuko. Akasema hizi ni za kwanza kutoka hapa juu kabisa, palipokuwa na jiwe tupu, na amekataa kuzila kabla yangu.

Nikapokea. Nikasema asante. Nikatembea hadi langoni na mfuko wangu.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Si ujasiri, nisijidanganye. Nilifikiria kuzipika hizo kunde, kuzitia kitunguu, kukaa na watoto wangu mezani na kuzimeza. Nikarudi, nikamkuta tena pale kaburini, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mfuko mkononi. Mathenge ni nini. Mbegu zilitoka wapi. Kwamba mzee alinionya, na kwamba kosa si lake wala la mbuzi wake, ni langu mimi niliyekataa kungoja.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikuwa akiutazama mtungi.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili nilipokuuliza?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa chini, hapo hapo kwenye mawe. Maji Mwikali anayatoa kwenye kioski kule barabarani, anayabeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso, mlima wote ule. Akaanza kuongea, hata hakuniangalia. "Jumatatu nilichukua maji ya kuogesha watoto nikaupatia huu. Nikawaambia watoto baba yenu kwanza. Jana pia nikaupatia." Akatikisa kichwa. "Mbolea ni makosa tu. Mtu yeyote anaweza kukosea mbolea. Lakini mimi nilikuuliza, Mama Mutheu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Nikauweka mfuko wa kunde juu ya jiwe.

Akainuka, akatoa vijiti vya miiba kimoja kimoja, akashika mche kwa kitambaa na kuung'oa. Shina lenyewe halikufika goti, lakini mzizi ulikuwa umeshuka mrefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko. Nilitaka kumsaidia kurudisha udongo. "Hapo wacha," akasema. Basi nikaenda kwenye kunde, nikaanza kung'oa huko, yeye akaanza mpakani, hadi jua likawa kali. Tulitoa mingi. Iliyobaki ni mingi zaidi, na hiyo iliyosambaa kwenye maboma ya wenzetu itabidi nifuatilie nyumba kwa nyumba, hadi huko Masii. Na shamba litahitaji kuangaliwa kila wiki mvua zote zijazo, kwa sababu mbegu nyingine zimelala tu.

Nilipoaga niliuacha mfuko wa kunde kwenye jiwe. Akaniletea. "Chukua. Ulizifanyia kazi." Ni heri angenitupia usoni.

Halafu akaniambia la mwisho. Kesho mwethya unakutana kwake. Amemwita na Musyoka, aje aone ndengu kwa macho yake, mbele ya akina mama wote. Alikuwa amepanga iwe siku ya furaha. "Utasema wewe," akaniambia. "Mimi sitafungua mdomo. Sitakusaidia na sitakuumiza."

Kwa hivyo hapo ndipo nilipo. Kunde ziko hapa juu ya meza ya bosi, zinaanza kunyauka. Nikisema vibaya kesho, Musyoka atasema mnaona, na Mwikali anaweza kupoteza shamba ambalo kwa kweli limezaa. Nikisema vizuri, pengine akina mama wataelewa kwamba udongo umerudi na kwamba tunaweza kuulinda kwa kung'oa, na pengine wazee watahesabu chakula kuliko miiba. Sijui. Nimekuwa nikitunga hotuba tangu nifike dukani. Nimejaribu kuanza na mvua iliyokuwa karibu. Nimejaribu kuanza na lori. Nimejaribu kuanza na mbuzi wa Garissa, halafu nikafuta hiyo haraka, kwa sababu najua inakoelekea. Kila mwanzo kati ya hiyo unanifanya nionekane mtu mwenye haraka njema aliyekosea kidogo. Musyoka mwenyewe angenisamehe.

Mwikali atakuwa amekaa pale mbele, kimya alivyoahidi, ananisikiliza.

Nitaanza na Jumapili.